Mtoto wa Konde na Kazi ya Mikono

Mtoto amemaliza Kidato cha Nne. Matokeo yake hayampeleki mbele, naye ameketi barazani akingoja asichokijua. Afanyiwe nini?

Tuitazame Konde, kaskazini ya Pemba. Msimu wa karafuu ukiwa mwema, kijana hakosi kazi: karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, kisha huchambuliwa na kuanikwa juani siku kadhaa. Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Aliyetegemea mchumo peke yake atakula nini mwaka wa uhaba?

Zanzibar ilitunga sheria ya mafunzo ya amali mwaka 2006, na Pemba ina kituo huko Vitongoji, wilaya ya Chake Chake, ambako vijana hujifunza useremala, uashi, umeme na ushoni. Kutoka Konde si karibu. Yafaa baba apime mapema nauli, chakula na malazi. Bara nako, tangu mwaka 2024, baadhi ya shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali tokea Kidato cha Kwanza.

Twasikia wazazi wakiuita mkondo huo jalala la walioshindwa. Maneno hayo ni ya ujinga, tena yana hatari. Fundi wa umeme asiyejua hesabu atatia waya mwembamba mahali penye mzigo mkubwa. Waya utapata moto, na nyumba itaungua. Seremala asiyejua kupima pembe atakuezekea paa livujalo. Basi msimpeleke mtoto huko kwa kuwa ni mzito wa masomo. Mpelekeni kwa kuwa ana moyo wa kazi hiyo, na hesabu zake azishike.

Lipo jambo jingine lisahauliwalo mno. Kijana hurudi na cheti, hana msumeno, hana randa, hana patasi; baada ya miezi michache yu barazani tena. Fedha za karafuu za mwaka mwema ziwekwe kiasi kwa ajili ya sanduku la zana, kabla ya kufikiria sherehe za kumpokea.

Kabla ya kulipa ada, nendeni mkaione karakana kwa macho yenu. Ulizeni mwanafunzi hushika zana saa ngapi kwa juma, na cheti chatambuliwa na nani. Tena ulizeni juu ya binti zenu, wala msikubali kuonyeshwa cherehani tu. Umeme nao wawafaa.