Waridi za Pichi na Nyeupe kwa Harusi Ndogo: Chagua kwa Macho, Lipa kwa Hatua

Kuna swali moja linalokuja kila msimu wa harusi: "Nimemlipa mtu wa maua, lakini rangi si ile tulikubaliana. Mnaweza kunirudishia pesa yangu?"

Jibu letu halipendezi, lakini ni afadhali ulisikie leo kuliko asubuhi ya harusi. Huduma ya kurudishiwa pesa ni ya namba iliyokosewa, si ya rangi iliyokosewa. Ukituma kwa mtu uliyemkusudia, na akapokea, hiyo ni biashara kati yenu wawili. Na maua si viatu, huwezi kuyarudisha dukani Jumatatu. Kwa hiyo kinga yako iko kabla ya kubonyeza PIN, wala si baada.

Somo la leo ni la wateja wetu wa Thika na Ruiru, hasa nyinyi mnaofanya kazi kwa zamu pale Eneo la Viwanda na hamna siku nzima ya kuzunguka sokoni. Tutachukua mfano wa harusi ya watu 40, yenye waridi za rangi ya pichi na nyeupe.

Unaishi karibu na maua, tumia nafasi hiyo

Thika, Juja na Ruiru ni kati ya sehemu zinazokuza waridi za kuuzwa nje ya nchi, pamoja na Naivasha, Limuru na Athi River. Waridi ndilo ua ambalo Kenya inauza nje kwa wingi kuliko mengine. Mashamba mengi makubwa hukuza kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo, kwa hiyo usifunge safari mpaka getini kabla ya kupiga simu kuuliza kama wanauzia watu wa kawaida. Wengi wetu hununua kwa wapambaji, kwa wauzaji wa mjini, au Nairobi pale City Market kwenye Barabara ya Muindi Mbingu.

Hapa kuna siri ya kuokoa pesa. Ng'ambo, waridi la shina refu ndilo la bei. Lakini shada la bibi harusi linahitaji shina la sentimita 30 hadi 40 tu, na maua ya mezani hukatwa mafupi zaidi, ili wageni waonane usoni. Ukinunua shina la sentimita 70, utalipia urefu ambao mpambaji atakata na kutupa. Mwambie muuzaji: "Nataka shina fupi, kichwa kizuri."

Angalia pia kalenda. Tarehe 14 Februari kila mtu duniani anataka waridi, na Machi kuna Siku ya Wanawake tarehe 8 na Siku ya Akina Mama ya Uingereza. Harusi ikiangukia majuma hayo, bei hupanda na rangi unayotaka inaweza kukosekana. Kama tarehe bado haijafungwa, sogeza kidogo.

"Pichi" ni rangi gani hasa?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Wewe ukisema pichi unafikiria rangi ya ndani ya tunda lenyewe, laini, kati ya waridi na chungwa. Muuzaji anafikiria chungwa iliyopauka. Mpambaji anafikiria rangi ya samli. Wote watatu wanasema neno moja.

Fanya hivi:

1. Uliza jina la aina. Waridi zina majina kama mahindi yalivyo na majina. Avalanche, kwa mfano, ni nyeupe yenye kijani kidogo kwenye petali za nje, na Peach Avalanche ni ndugu yake wa rangi ya pichi. Juliet ya David Austin, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea, London, mwaka 2006, ni pichi yenye petali nyingi zilizojaa kama kikombe. Muuzaji wako huenda hana hizi. Si neno. Muhimu ni akutajie jina la ile aliyo nayo, na akuandikie.

2. Tazama ua lililofunguka, si tumba. Waridi nyingi za pichi hupauka zikifunguka. Tumba linaweza kuonekana limekolea leo, na kesho kutwa likawa karibu na krimu. Siku ya harusi wageni wataona ua lililofunguka, kwa hiyo chagua kwa hilo.

3. Tazama mchana, nje. Taa ya manjano ya dukani hufanya nyeupe ionekane krimu, na kamera ya simu hubadilisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Picha ya WhatsApp ni ya kuanzia mazungumzo, si ya kumalizia.

4. Beba kipande cha kitambaa. Kuna nyeupe ya theluji na kuna nyeupe ya maziwa. Gauni la rangi ya maziwa likiwekwa karibu na waridi jeupe pe, gauni ndilo litaonekana chafu. Muombe fundi wa nguo kipande kidogo uende nacho.

Hesabu ya watu 40

Tuhesabu mashina:

- Shada la bibi harusi: 24
- Shada la msimamizi wake: 12
- Meza 5 za watu 8, mashina 12 kila moja: 60
- Maua ya kifuani, ya bwana harusi na wazee: 6
- Meza ya keki: 8

Jumla ni 110. Ongeza kama 10 za dharura, kwa sababu lazima chache zitavunjika au zikatae kufunguka. Unafika 120. Waridi huuzwa kwa mafungu, mara nyingi ya mashina 10 au 20, kwa hiyo uliza kwanza fungu lina mangapi. Mafungu 6 ya mashina 20 yanatosha: matatu ya pichi, matatu ya nyeupe. Ukitaka pichi itawale, chukua manne kwa mawili.

Ukiwa na hesabu hii, mtu hawezi kukwambia "maua ya harusi ni elfu kadhaa" kwa jumla tu. Utamuuliza: shina moja ni ngapi, kazi ya kupanga ni ngapi, na usafiri ni ngapi? Bei tatu, mistari mitatu.

Lipa kwa hatua, kila hatua na kitu umeona

Usilipe zote mwanzo, hata kama muuzaji ni mtu wa kanisani kwenu. Na usitarajie afanye kazi bila kitu mkononi, kwa maana yeye pia analipa shamba. Njia ya katikati ni arbuni, ile dipoziti tumezoea kuisema. Tuseme mmekubaliana KSh 24,000:

- Hatua ya kwanza, 30% (KSh 7,200): baada ya kuona ua lililofunguka na kuandikiana makubaliano.
- Hatua ya pili, 50% (KSh 12,000): siku mbili tatu kabla ya harusi, maua yakiwa yamefika kwake na wewe, au mtu wako, ameyaona kwa macho.
- Hatua ya tatu, 20% (KSh 4,800): maua yakifika ukumbini na mkayahesabu.

Ile asilimia 20 ya mwisho ndiyo sauti yako. Ukishailipa, umebaki na shukrani tu.

Kama mnafunga ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ilani ya siku zisizopungua 21. Siku hizo zinatosha kabisa kwa hatua hizi tatu. Siku mnapowasilisha ilani, anzeni pia safari ya maua.

Makubaliano si lazima yaende kwa wakili. Ujumbe mmoja unatosha, na mwambie akujibu "Nimekubali":

*"Habari dada. Tumekubaliana waridi 120: 60 za pichi, aina ..., na 60 nyeupe, aina .... Shina sentimita 40. Kufikishwa tarehe ..., saa 2 asubuhi, ukumbi wa .... Jumla KSh 24,000: 7,200 leo, 12,000 nikiona maua, 4,800 yakifika. Rangi ikikosekana utanijulisha siku 3 kabla, na tutachagua nyingine pamoja au utanirudishia arbuni."*

Sentensi ya mwisho ndiyo watu husahau, na ndiyo inayofanya kazi ambayo sisi hatuwezi kukufanyia.

Kabla ya PIN

- Lipa kwa till au paybill ya biashara ukiweza. Kwa kawaida kulipa kwa till hakumkati mnunuzi ada, na jina la biashara linabaki kwenye rekodi zako.
- Soma jina linalotokea. Kama mlikubaliana na duka la maua na linatokea jina la mtu usiyemjua, simama. Piga simu uulize. Muuzaji wa kweli hatakasirika.
- Jihadhari na "ile till imekufa, tuma kwa hii." Ujumbe wa kubadilisha namba dakika ya mwisho ni wa kupigia simu kwa sauti, si kujibu kwa SMS. Simu yake inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu. Picha ya skrini hutengenezwa kirahisi, lakini namba ya muamala tunaweza kuithibitisha.
- PIN ni yako peke yako. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza, hata akijua jina lako na siku ya harusi yako.

Kwa mweka hazina wa kamati: usichanganye michango ya harusi na pesa yako ya unga na kodi. Tenga laini au akaunti ya mchango, ili mwisho wa siku taarifa moja ionyeshe nani alitoa na nani alilipwa. Harusi ndogo imevunja urafiki mkubwa kwa sababu ya elfu mbili zisizojulikana zilikoenda.

Ukikosea namba

Hapa ndipo tunaweza kusaidia, lakini dakika zina maana. Omba kurudishiwa mara moja kupitia huduma kwa wateja. Pesa ikiwa bado iko kwa aliyepokea, kuna la kufanya. Akishaitoa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Na wewe ukipokea pesa kisha mtu akapiga akilia "nilituma kimakosa, nirudishie," angalia kwanza salio lako halisi, halafu mwelekeze kwetu. Usimtumie mwenyewe.

Siku ya kukagua, na usiku wa kuamkia harusi

Kabla ya ile hatua ya pili, bonyeza taratibu sehemu ya chini ya kichwa cha ua, pale petali zinapoanzia. Ikiwa ngumu kidogo, ua ni bichi. Ikilegea kama nyanya ya juzi, ni zee. Tazama majani yawe ya kijani, na ncha za shina zisiwe nyeusi na utelezi. Petali moja mbili za nje zenye michubuko au kijani si kasoro. Hizo hulinda ua safarini, na mpambaji huzitoa. Nyeupe ikague zaidi, kwa sababu kila alama ya kidole hugeuka doa la kahawia. Ishike kwa shina.

Maua yakilala kwako nyumbani Makongeni au Section 9, osha ndoo kwa sabuni kwanza. Kata kila shina kwa mshazari, sentimita 2 hivi, kwa kisu kikali. Toa majani yote yatakayozama majini. Weka ndoo kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote, mbali na jiko, dirisha la jua na, tafadhali, mbali na ndizi mbivu. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua haraka. Badilisha maji asubuhi.

Kama zinakuja bado zimefumba, zipokee siku mbili kabla zipate muda wa kufunguka. Kama zimeshafunguka, pokea siku moja kabla au asubuhi yenyewe.

Basi, kabla ya kutuma hata shilingi, jiulize maswali manne: Nimeliona ua likiwa limefunguka, mchana? Nina hesabu ya mashina? Nina ujumbe wenye "Nimekubali"? Jina kwenye skrini ndilo ninalolijua? Ukijibu ndiyo mara nne, bonyeza. Ukijibu hapana hata mara moja, piga simu kwanza. Muuzaji mzuri atakungoja dakika tano.

Tunawatakia harusi njema.