Mtandao wa Hospitali: Tufunge Nini, Tuache Nini?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, lakini siku hizi kinachangia sana mgonjwa kuhudumiwa mapema au kuchelewa. Nacho ni mtandao wa intaneti pale kazini. Pengine utauliza, jambo hili linaingiaje kwenye ukurasa wa afya?

Chukulia mama mjamzito aliyetoka Ulowa alfajiri kwa bodaboda. Anafika dirishani na kadi yake ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kadi hiyo haitoshi kuitazama tu, bali huhakikiwa kwa mtandao. Mtandao ukikwama, mama atajibiwa, "Mtandao unasumbua, mayu, subiri kidogo." Hicho kidogo chaweza kuwa saa mbili. (Hapa tuseme wazi: mwenye dalili za hatari, kama vile kutokwa damu, kifafa, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, hasubiri mtandao. Huhudumiwa kwanza, mambo ya kadi yatafuata.)

Uhakiki wenyewe ni mwepesi mno. Ni maneno na tarakimu chache, wala uzito wake haufikii picha moja iliyopigwa kwa simu. Lakini saa moja ya video yenye picha safi yaweza kula gigabaiti 1 hadi 3. Kwenye vituo vya vijijini kama vyetu huku Ushetu, ambako mara nyingi tunategemea laini ya simu iliyowekwa ndani ya ruta (kile kisanduku chenye taa) na bando lenye kikomo, huo ni mzigo mkubwa.

Ni nani basi anayekula bando? Jibu la haraka ni kwamba ni vijana wanaotazama mpira na michezo ya kuigiza wakati wa kazi. Wapo, hatukatai. Lakini mara nyingi mlaji mkubwa ni simu iliyolala mfukoni mwa gauni la muuguzi, wala mwenyewe hajui. Simu nyingi zimepangwa hivi: zikikuta waifai, huanza kupakua matoleo mapya ya programu zake na kupeleka picha zote za harusi ya jumamosi kwenye hifadhi ya mbali. Kompyuta nazo hujiboresha zenyewe, tena saa nne asubuhi foleni ikiwa imefika nje ya mlango. Kwa hiyo kabla ya kugombana na watumishi, fundi afungue ukurasa wa ruta aone ni kifaa gani kinachotumia kiasi gani. Ruta nyingi zinaonyesha, angalau orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Inawezekana mkaona vifaa arobaini katika hospitali yenye kompyuta sita! Neno la siri la waifai lilishafika hadi kwa muuza maandazi pale getini.

Hatua ya kwanza, basi, si kufunga tovuti yoyote. Ni kubadili neno la siri na kutenganisha njia. Ruta nyingi za sasa zinaweza kutoa mitandao miwili: mmoja wa kazi, kwa ajili ya mapokezi, maabara, famasi na takwimu, mwingine wa simu za watumishi, ukiwekewa kipimo cha mwendo ili usimeze wote. Hapo peke yake matatizo mengi hupungua.

Kompyuta zipangiwe kujiboresha usiku. Tunasema zipangiwe, hatusemi zikatazwe. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha kompyuta kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, na huko England kikaathiri takribani theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma. Maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalilazimika kwenda hospitali nyingine. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo huo, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa. Anayezuia kabisa maboresho ili kuokoa bando ni sawa na anayeacha kumpeleka mtoto chanjo ili kuokoa nauli.

Sasa tuje kwenye kufunga tovuti. Kila tovuti ina jina tunalolijua sisi na namba inayojulikana na mashine. Kompyuta inapotaka tovuti, kwanza huuliza namba yake, kama sisi tulivyokuwa tukitafuta namba katika kitabu cha simu. Ukiielekeza ruta itumie kitabu ambacho majina mabaya yameondolewa, tovuti hizo hazitafunguka kwa njia ya kawaida. Vitabu vya namna hiyo vipo vya bure. Kwa mfano, Cloudflare tangu mwaka 2020 wanatoa namba 1.1.1.2 inayozuia tovuti zenye virusi, na 1.1.1.3 inayozuia virusi pamoja na picha za ngono. Fundi huandika namba hizo ndani ya ruta, kazi isiyozidi dakika kumi.

Hapo ndipo wakubwa wengine hupenda kuendelea mbele: wafunge kila neno linalofanana na uchafu. Sisi wauguzi tunaomba wasikilize kwanza. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipima programu zinazotumika kuzuia tovuti mashuleni na maktaba, na matokeo yakachapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Programu zilipowekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, zilizuia asilimia 87 ya tovuti za ngono, na tovuti za afya zilizozuiwa kimakosa zilikuwa asilimia 1.4 tu. Zilipowekwa kwenye kiwango kikali kabisa, tovuti za ngono zilizozuiwa zilifika asilimia 91, lakini tovuti za afya zilizozuiwa ziliruka hadi asilimia 24. Angalia hesabu hiyo vizuri. Kwa faida ya asilimia 4 za uchafu, karibu robo ya elimu ya afya ilipotea.

Programu zimebadilika tangu hapo, lakini hatari ni ile ile kwa yeyote anayefunga kwa maneno. Saratani ya matiti, fistula, kaswende, mlango wa kizazi, ushauri kwa aliyebakwa: maneno yote hayo ni ya kazi yetu. Muuguzi wa zamu ya usiku anayetafuta dozi ya dawa kwa mtoto mchanga mwenye kaswende akikuta ukurasa umefungwa, hana maktaba ya kukimbilia. Kwa maoni yetu kiwango cha chini kinatosha.

Kuhusu WhatsApp, wengine huifunga wakidhani ni porojo tupu. Porojo zimo. Lakini kwa njia hiyo hiyo zamu hubadilishwa, na daktari aliyeko Kahama hupigiwa kuulizwa kabla mgonjwa hajapewa rufaa. Isifungwe, ila picha za wagonjwa na majibu ya vipimo yenye majina visitembezwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu sote tunaoshika mafaili.

Sheria hiyo hiyo inamgusa na mwajiri. Kuona kwamba simu fulani imetumia gigabaiti 5 ni jambo moja. Kusoma ujumbe wa mtumishi ni jambo lingine kabisa. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano ya mtu binafsi. Watumishi waambiwe mapema, kwa maandishi, nini kimefungwa, saa ngapi, na nini kinaangaliwa. Yanayofanywa kwa siri huzaa ujanja: kijana ataweka VPN apite pembeni, hali ya kuwa tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imetaka matumizi yake yasajiliwe. Na akishindwa hapo, atatumia bando lake mwenyewe, ambalo ruta yenu hailioni.

Mwisho, wekeni daftari moja pale ofisi ya muuguzi mkuu. Anayekuta tovuti ya kazi imefungwa aandike jina lake, tarehe na sababu. Fundi au mganga mfawidhi alipitie kila asubuhi, na lililo halali lifunguliwe siku hiyo hiyo. Zamu ya usiku nayo ipewe namba ya simu ya mtu mmoja anayejua kufungua, maana wagonjwa mahututi hawachagui saa.