Kutoka Simu hadi Kamera: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Watu wengi hujifunza kupiga picha kwa simu. Huanza na picha za watoto, sherehe za ndugu na machweo ya ufukweni. Kisha hufika siku ambapo simu haitoshelezi tena. Mchezaji aliye mbali uwanjani huonekana kama kivuli, na picha ya ukumbini usiku hutoka na chembechembe. Hapo ndipo mlaji huanza kuweka akiba ili anunue kamera yenye lenzi za kubadilisha. Fedha hizo huweza kuwa akiba ya mwaka mzima au zamu yake ya upatu, nazo huondoka mkononi kwa dakika chache dukani. Somo hili limeandaliwa ili dakika hizo zisizae majuto.

1. Tambua sifa zenye maana

Sifa inayotangazwa zaidi madukani ni idadi ya megapikseli. Idadi hiyo ina umuhimu wake, lakini si mkubwa kama inavyodaiwa. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapishwa kwa ubora wa juu, yaani nukta 300 kwa inchi, huhitaji megapikseli zisizofika 9. Kamera nyingi za wanaoanza zina 24. Hivyo, muuzaji anayekushawishi uongeze fedha nyingi ili upate 33 badala ya 24, huenda anakuuzia kitu usichokihitaji.

Kilicho muhimu zaidi ni kihisi, yaani kibamba kilichomo ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kihisi kiitwacho fulu-fremu kina milimita 36 kwa 24. Kile cha APS-C, kinachopatikana katika kamera nyingi za wanaoanza, kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Katika simu nyingi, upande mrefu wa kihisi haufiki milimita 10. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na ndiyo maana picha zake za usiku huwa safi. Kwa mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha, APS-C hutosha, na aghalabu kamera na lenzi zake huwa nyepesi na nafuu.

2. Usinunue kamera ukasahau lenzi

Lenzi hufungwa kwenye kamera kwa kishikizo maalumu, na kwa kawaida kishikizo cha kampuni moja hakiingiliani na cha nyingine. Hata ndani ya kampuni moja kuna tofauti. Canon ilianza kutumia kishikizo cha EF mwaka 1987, kisha ikaleta RF mwaka 2018. Nikon ilianza na kishikizo cha F mwaka 1959, ikaleta Z mwaka 2018. Lenzi nyingi za zamani huweza kutumika kwenye kamera mpya kwa msaada wa adapta, lakini lenzi za RF na Z hazitumiki kwenye kamera za vishikizo vya zamani. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kamera, uliza ni lenzi gani za kishikizo hicho zinapatikana mjini kwako na kwa bei gani.

Kamera nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Lenzi hiyo yafaa kujifunzia. Hata hivyo, ikivutwa hadi milimita 55, tundu lake kwa kawaida hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, huingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya huo. Kwa anayepiga picha ndani ya nyumba, lenzi hiyo huweza kuwa na manufaa kuliko kununua kamera ya daraja la juu.

3. Piga hesabu ya gharama yote

Tuchukue mfano wa mlaji mwenye shilingi 2,000,000. Akitoa zote kwa ajili ya kamera na lenzi, atabaki bila kadi ya kumbukumbu, betri ya akiba wala mfuko. Ni busara atenge sehemu ya fedha kwa vifaa hivyo tangu mwanzo.

Ipo pia hila ya kufungua boksi, kutoa chaja, betri au mkanda vilivyowekwa na mtengenezaji, kisha kumuuzia mteja kila kimoja kwa bei yake. Soma orodha ya vilivyomo iliyochapishwa kwenye boksi au katika kitabu cha maelekezo, na uhakiki kimoja kimoja kabla ya kulipa.

Jihadhari na betri na kadi bandia. Betri bandia huweza kuvimba na kukwama ndani ya kamera. Kadi bandia huweza kuandikwa gigabaiti 128 ilhali uwezo wake ni mdogo zaidi, na picha zinazozidi uwezo huo hupotea. Ijaze kadi mpya mafaili, kisha uyafungue yote, kabla ya kuibeba kwenda harusini.

4. Uliza dhamana inatolewa na nani

Baadhi ya kamera huingizwa na wafanyabiashara wasio mawakala wa mtengenezaji. Huenda ni kamera halisi, lakini dhamana yake ikawa inatambulika tu katika nchi ilikouzwa mara ya kwanza. Taka dhamana ya maandishi inayoonesha muda wake, mtoa dhamana na mahali pa matengenezo. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye kamera, boksi na kadi ya dhamana. Zikitofautiana, ahirisha ununuzi.

5. Kamera iliyokwisha kutumika

Kamera ya namna hii huokoa fedha, mradi ikaguliwe. Fanya yafuatayo mbele ya muuzaji:

(a) Uliza shata imefyatuliwa mara ngapi. Katika kamera za daraja la kati, shata aghalabu hutarajiwa kuhimili takriban mara 100,000. Usitegemee namba ya faili la picha, kwa maana ikifika 9999 huanza upya.
(b) Piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu la f/16. Madoa yanayojirudia mahali palepale ni dalili ya uchafu kwenye kihisi.
(c) Elekeza lenzi kwenye mwanga na uitazame kwa ndani. Nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni kuvu. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kama Tanga na Dar es Salaam, kasoro hii huzuka kwa urahisi.
(d) Andikishaneni hati ya mauziano yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake na namba ya kamera, ili usije ukahusishwa na mali ya wizi.

6. Dai risiti, tunza kumbukumbu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Dai risiti ya kielektroniki, na uhakikishe jina la bidhaa na bei uliyolipa vimeandikwa kwa usahihi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi halimpi muuzaji ruhusa ya kuuza kamera ya zamani kwa jina la mpya. Ukibaini kasoro, acha kuitumia kamera, mjulishe muuzaji kwa maandishi, na usipopata ufumbuzi wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, dhamana na picha za kasoro hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Je, ni picha gani ninazotaka kupiga ambazo simu yangu haiziwezi?
2. Je, bei niliyotajiwa inajumuisha vitu vyote ambavyo mtengenezaji aliviweka kwenye boksi?
3. Kamera ikiharibika baada ya miezi mitatu, nitaipeleka wapi, na nitaonesha hati gani?

Mlaji asiyeweza kujibu swali la tatu hajawa tayari kulipa.