Linda Saa Zako, Linda Shilingi Zako: vidokezo kwa dada mwenye malengo

Dada mchapakazi husifiwa kwa kutokataa. Ripoti ya usiku anaimaliza, zamu ya Jumapili ya mwenzake anaibeba, na akirudi nyumbani anakuta kadi mbili za harusi na mchango wa sendofu. Mwisho wa mwaka amechoka, na akaunti nayo imechoka. Muda na pesa vinavujia tundu lilelile, kwa hiyo tuzibe kote kwa pamoja.

1. Ijue sheria kabla hujamkabili bosi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Zinazozidi ni za ziada: zinahitaji makubaliano, hulipwa mara moja na nusu, na hazipaswi kupita 50 katika wiki nne. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu, malipo ni mara mbili. (Meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu ana utaratibu tofauti, soma mkataba wako.) Sasa piga hesabu. Mshahara wa 900,000 ukigawanywa kwa saa 195 za mwezi, saa moja ni kama 4,600, na ya ziada ni kama 6,900. Saa kumi za bure kila wiki ni karibu 69,000 unazoigawia ofisi. Ukiijua namba hiyo, hata sauti yako inabadilika.

2. Sema mapema, sema kwa ufupi. Mpaka unaowekwa saa nne usiku kwa hasira huonekana utovu wa nidhamu. Ule wa saa nne asubuhi huonekana mpangilio. Jaribu hivi: "Bosi, hii nitakuletea kesho kabla ya saa tano. Kama inahitajika leo, niahirishe ipi kati ya hizi mbili?" Hujakataa kazi. Umemwachia yeye achague, na hiyo ndiyo kazi yake. Usianze kueleza foleni ya Mbagala wala homa ya mtoto, maana kila sababu unayotoa ni mlango wa kujadiliana.

3. Zima milio ya kundi la WhatsApp la ofisi ukifika nyumbani. Mwenye dharura ya kweli atapiga.

4. Akiba itoke siku mshahara unapoingia. Ukingoja kuweka kinachobaki, hakibaki. Kama kazini kuna SACCOS, jaza fomu ukatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Kama hakuna, iagize benki ihamishe kila tarehe ileile kwenda akaunti isiyo na kadi. Anza hata na asilimia tano. Ukipandishwa mshahara, pandisha akiba kabla hujapandisha kodi ya nyumba.

5. Kipende kikoba, lakini kihoji. Nawaheshimu sana akina mama wa vikoba. Wamejenga nyumba na kusomesha watoto bila kuingia benki. Ila kabla hujanunua hisa, uliza: katiba ipo? Kimesajiliwa? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya watu 10 hadi 50. Pesa inakaa wapi, na nani anashika funguo? Mkopo usiporudi, nani anabeba? Wakikunyamazia, ondoka kwa amani. Upatu nao una mahali pake. Hauzai faida, lakini ukipanga zamu yako iangukie Desemba, ada ya Januari haitakupeleka kwa wakopeshaji wa kausha damu. Na mgao wa kikoba uandikie kazi yake mapema, la sivyo utaishia kwenye sikukuu.

6. Michango iwe na fungu lake. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, kwa sababu kuchangia ni utu na hakuna anayetaka kuonekana mchoyo. Shilingi 50,000 mara mbili kwa mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka. Panga kiasi cha mwaka mzima na ukiheshimu. Kinachoumiza zaidi ni ahadi kubwa inayokufuata miezi mitatu. Afadhali kidogo kinachofika leo: "Shikamoo mama mdogo. Kadi nimeipata, nimefurahi mno. Nimejaliwa elfu ishirini, naituma sasa hivi." Sare si lazima kila shughuli. Ya mdogo wako, shona. Ya binti wa mfanyakazi mwenzako, gauni ulilonalo linatosha.

7. Ukishakuwa na matumizi ya miezi mitatu pembeni, isogeze ziada. Mifuko ya UTT AMIS inapokea watu wa kipato cha kawaida, na ule wa Ukwasi unawafaa wanaoweza kuhitaji pesa yao karibuni. Hati fungani za serikali kupitia Benki Kuu huanzia shilingi milioni moja, lakini hizo ni za pesa utakayoiacha miaka. Yeyote anayekuahidi kuzidisha pesa ndani ya wiki, mfutie namba.

8. Chukua likizo yako yote. Sheria inakupa siku 28 kwa mwaka, za malipo. Iombe kwa maandishi miezi miwili kabla, mkabidhi mwenzako kazi kwa orodha, na uweke fungu dogo la nauli kuanzia mwezi huu, hata kama safari ni ya kwenda Lushoto kulala tu.