Kutoka Kushirikishwa hadi Kushirikiana: Lugha na Ukusanyaji wa Maoni ya Jamii katika Mpango Mkuu wa Chuo Kikuu, Mfano wa Kahawa Wendani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika ukusanyaji wa maoni ya jamii wakati chuo kikuu cha umma kinapoandaa mpango mkuu wa bewa lake. Mfano unaotumiwa ni Kahawa Wendani, mtaa unaotazamana na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hoja ya msingi ni kwamba vitenzi vitatu vya Kiswahili vyenye shina moja, yaani kushirikishwa, kushiriki na kushirikiana, vinataja hali tatu tofauti za kijamii, na kwamba anayevichanganya katika maneno huvichanganya pia katika matendo.

1.0 Utangulizi

Mpango mkuu ni waraka, pamoja na ramani zake, unaoonyesha jinsi ardhi ya taasisi itakavyotumiwa kwa miaka mingi ijayo: mabweni yatajengwa wapi, malango yatafunguka upande gani, maji ya mvua yataelekezwa wapi, na ni sehemu gani itakayoachwa kuwa msitu au uwanja. Nchini Tanzania waraka wa aina hii katika upangaji wa miji huitwa mpango kabambe. Jina lolote litakalotumiwa, waraka huo haugusi walio ndani ya ua peke yao. Lango likihamishwa, njia ya watu nje ya ua huhama nalo; na biashara nayo huifuata njia.

Kwa sababu hiyo, wapangaji hukusanya maoni ya majirani. Swali ambalo wataalamu wa upangaji hujiuliza ni idadi ya mikutano na ya waliohudhuria. Swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuliongeza ni hili: maoni hayo yaliombwa kwa lugha gani, na yalipotolewa, yalihesabiwa kuwa nini?

2.0 Kahawa Wendani na Jirani Yake

Bewa kuu la Chuo Kikuu cha Kenyatta lina historia ndefu ya kubadilishiwa matumizi. Kabla ya kuwa mahali pa masomo lilikuwa kambi ya jeshi la Waingereza iliyojulikana kama Templer. Mwaka wa 1965 kambi hiyo ilikabidhiwa serikali ya Kenya ikawa chuo; mwaka wa 1970 chuo kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi; na mwaka wa 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Ng'ambo ya barabara ya Thika ndiko kuliko Kahawa Wendani, ambayo leo ni wadi katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Barabara hiyo ilipanuliwa kati ya mwaka wa 2009 na 2012. Upanuzi huo ulirahisisha safari ya kwenda Nairobi na Thika, lakini pia uliifanya barabara kuwa mto mpana kati ya chuo na mtaa, mto usiovukwa ila kwa daraja la waendao kwa miguu au kwa kuhatarisha maisha.

Uchumi wa Wendani umefungamana na kalenda ya chuo. Mwenye nyumba hupangisha vyumba kwa wanafunzi waliokosa nafasi bwenini. Mama mboga, kinyozi, mwenye duka la kunakilisha karatasi na mhudumu wa bodaboda huwategemea wanafunzi hao hao. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mitaa ya namna hii ilionja ukweli huo kwa uchungu. Basi mpango unaosema kwamba chuo kitajenga mabweni mapya ni habari njema kwa mwanafunzi anayelipa kodi ya juu, na ni tishio kwa mjane aliyejenga vyumba sita kwa mkopo. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, na maoni yao hayawezi kufanana.

Gharama ya kutoelewana kuhusu ardhi ilidhihirika mwaka wa 2022. Serikali iliagiza mamia ya ekari za ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zitengewe wakazi wa makazi ya Kamae, hospitali ya rufaa iliyo katika eneo hilo, na mashirika ya afya ya kimataifa. Uongozi wa chuo ulipinga, na mgogoro ukawa wa kitaifa. Wapo waliouona kuwa suala la ardhi ya elimu, na wapo waliouona kuwa suala la makazi ya wanyonge. Funzo lake kwa makala haya ni moja: mstari katika ramani huwa na watu pande zote mbili, na mazungumzo yanayoanza baada ya mstari kuchorwa huanza yakiwa yamechelewa.

3.0 Uchanganuzi wa Istilahi

3.1 Shina -shiriki- na Viambishi Vyake

Katika matangazo na ripoti za Kenya, dhana ya wananchi kuhusika katika maamuzi hutajwa kwa maneno mawili yanayochukuliwa kuwa visawe: ushirikishwaji na ushiriki. Mnyambuliko wake unaonyesha kwamba si visawe. Tazama sentensi zifuatazo:

(a) Chuo kiliwashirikisha wakazi.
(b) Wakazi walishirikishwa.
(c) Wakazi walishiriki.
(d) Chuo kilishirikiana na wakazi.

Katika (a), kauli ya kutendesha inakifanya chuo kuwa mtenda, nao wakazi wanakuwa yambwa. Katika (b), wakazi wamekuwa kiima kisarufi, lakini kimaana wangali watendwa; isitoshe, mtenda ameondolewa, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa walishirikishwa vipi. Hii ndiyo sentensi inayopendwa na ripoti. Katika (c), wakazi wenyewe ndio watenda. Sentensi (d) ina sifa ya pekee: inaweza kugeuzwa, ikawa "Wakazi walishirikiana na chuo," bila kubadili kiini cha maana. Jaribu kuigeuza (a) nayo iwe "Wakazi walikishirikisha chuo." Maana imepinduka, na tukio linalotajwa ni jingine kabisa.

Jaribio hili dogo la kisarufi ni kipimo kizuri cha mchakato wowote wa kukusanya maoni. Sherry Arnstein, mtaalamu wa Kimarekani, alieleza mwaka wa 1969 kwamba ushiriki wa raia una ngazi yenye vidato nane. Viwili vya chini si ushiriki wa kweli. Vitatu vya kati, vikiwemo kupasha habari na kuomba ushauri, ni ushiriki wa kuonyesha tu. Vitatu vya juu, kuanzia ubia, ndivyo vyenye mamlaka ya raia ndani yake. Kiswahili kimeihifadhi tofauti ya namna hii katika viambishi vya kitenzi kimoja.

3.2 Washikadau

Istilahi ya pili ni washikadau, ambayo Tanzania huitwa wadau. Dau, katika maana inayohusika hapa, ni kile kinachowekwa na mchezaji ambacho anaweza kukipoteza. Mshikadau basi si kila aliyealikwa mkutanoni, bali ni yule mwenye kitu cha kupoteza. Kwa kipimo hiki, mchuuzi wa ndizi aliye karibu na daraja ni mshikadau kuliko mgeni wa heshima aliyeketi mbele na atakayeondoka kabla ya chakula cha mchana. Orodha ya mahudhurio ikisomwa kwa maana asilia ya neno, mapengo yake huonekana mara moja.

4.0 Sheria na Lugha

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kanuni za mwaka wa 2003 kuhusu tathmini ya athari za miradi kwa mazingira zinadai mabango mahali pa umma, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za kienyeji, na angalau mikutano mitatu na jamii itakayoathiriwa.

Sheria basi haina upungufu mkubwa. Upungufu hujitokeza pale ambapo mkutano hufanywa kwa Kiswahili huku ramani, jedwali na muhtasari vikibaki katika Kiingereza. Msemaji huzungumza lugha moja, nao waraka utakaofanya uamuzi huzungumza nyingine. Malalamiko ya mkazi kwamba "maji yenu yanaingia kwetu" huandikwa kuwa suala la miundombinu, na katika safari hiyo kutoka lugha moja hadi nyingine vimilikishi "yenu" na "kwetu" hupotea. Hivyo ndivyo vilivyobeba lawama na dai.

5.0 Mapendekezo ya Utendaji

Kwanza, maneno ya ramani yafasiriwe kabla ya mkutano, kwa lugha inayoeleweka na mwenye kibanda: mtaro wa maji ya mvua, bomba la majitaka, haki ya njia, umbali kati ya jengo na mpaka. Neno lisilokuwa na kisawe lielezwe kwa sentensi kamili.

Pili, maoni yakusanywe kwa kutembea. Mpangaji, mwanafunzi na mkazi wakipita pamoja kutoka langoni hadi darajani, mkazi ataonyesha kwa kidole kile ambacho asingekiandika kwenye hojaji.

Tatu, wakati uchaguliwe kwa kufuata shughuli za wahusika. Mkutano wa saa nne asubuhi katikati ya juma humwacha nje mchuuzi. Ule wa likizo humwacha nje mwanafunzi mpangaji.

Nne, maneno yarekodiwe katika lugha yaliyosemewa, yawe ya Kiswahili, Kikuyu au Sheng, kisha yatafsiriwe na aliyefunzwa kutafsiri. Hapa idara za Kiswahili zina wataalamu na wanafunzi wanaohitaji mazoezi.

Tano, wananchi warudishiwe jibu kwa Kiswahili: lililosikika, lililokubaliwa, lililokataliwa na sababu yake. Bila jibu, aliyetoa maoni leo hatarudi kesho.

Huenda ikapingwa kwamba chuo ndicho chenye ardhi na wataalamu, na kwamba majirani hawawezi kuamua mahali pa maabara. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, si kila sehemu ya mpango inahitaji kitenzi kimoja. Kwa mambo ya ndani ya ua, inatosha wakazi wapashwe habari. Kwa makazi ya wanafunzi, wenye nyumba na wapangaji wanapaswa kushiriki. Kwa mambo ya mpakani, yaani malango, mitaro, njia na daraja, hakuna upande unaoweza kuyatatua peke yake; hapo sharti pawe na kushirikiana.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kukusanya maoni ni kukiri hilo kwa vitendo. Jina la mtaa uliochunguzwa linatoa funzo la kufungia. Katika Kikuyu, wendani hutokana na kitenzi chenye maana ya kupenda, kikiwa na kiambishi -an- cha kutendana: ni upendo unaokwenda na kurudi. Katika Kiswahili, mwandani, ambaye pia huitwa mwendani, ni rafiki wa karibu. Kiambishi hicho hicho cha kutendana ndicho kinachotofautisha kushiriki na kushirikiana. Chuo kinachofundisha sarufi hiyo darasani kina wajibu wa kuitumia kinapovuka barabara.