Kutu Ndani ya Zege

Kusini mwa Jiji la Mexico, katika eneo la Xochimilco, upo mkahawa uitwao Los Manantiales, yaani Chemchemi. Paa lake la zege, lililobuniwa na Félix Candela na kukamilika mwaka 1958, lina mikunjo minane iliyoinuka kama petali za ua, na unene wake ni kiasi cha sentimeta 4 tu. Paa hilo ndilo sura ya jengo, na ndilo nguvu yake pia. Kwa hiyo kuutengeneza uso wake ni kuitengeneza mifupa yake.

Zege jipya lina alikali nyingi. pH yake hukaribia 13. Katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba wa oksaidi unaozikinga na kutu. Lakini miaka ipitapo, kabonidioksaidi ya hewani hupenya katika vinyweleo vya zege na kuigeuza haidroksaidi ya kalsiamu kuwa kabonati ya kalsiamu. pH ikishuka chini ya 9, utando huharibika, na maji pamoja na oksijeni huanza kukila chuma. Kutu huhitaji nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilicholiwa. Ikikosa pa kutanukia, hulipasua zege. Zege likiwa jembamba, safari ya hewa hiyo hadi kwenye nondo ni fupi.

Fundi wa ukarabati hugonga uso wa zege kwa nyundo. Mlio wa uwazi humwonyesha mahali palipobanduka. Kisha hunyunyizia fenofthalini palipovunjwa: pakigeuka rangi ya waridi, alikali ingalipo, pasipogeuka, kinga imetoweka. Zege bovu huondolewa hadi nyuma ya nondo, chuma husuguliwa, na pengo huzibwa kwa mchanganyiko wa saruji unaolingana na zege la awali. Rangi huja mwisho. Ikitangulia, huficha ugonjwa tu.

Tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko la ardhi liliudhuru mkahawa huo. Jengo lililokwisha kuliwa na kutu halina akiba ya nguvu kwa siku kama hiyo.

Zoezi: Chukua misumari miwili ya chuma iliyosuguliwa. Mmoja utiwe katika maji ya chokaa ndani ya chupa iliyofungwa, mwingine katika maji ya kawaida ndani ya chupa iliyo wazi. Ilinganishwe baada ya majuma mawili. Kwa nini chupa ya maji ya chokaa sharti ifungwe?