Wilaya za Huduma Maalum: Jinsi California Ilivyotengeneza Upya Sheria Zake

Mtu akaaye katika kaunti yoyote ya Kenya amezoea kwamba serikali ya kaunti, iliyoanza kazi mwaka 2013, ndiyo inayoulizwa habari za maji, masoko na zahanati. Katika Jimbo la California, nchini Marekani, mambo hayakupangwa hivyo. Kaunti zipo, nazo ni 58, na miji yenye halmashauri zake ipo pia. Lakini mbali na hizo kuna wilaya nyingine zaidi ya 2,000, ambazo kila moja iliundwa kwa ajili ya kazi moja, au kazi chache tu. Wilaya moja hupeleka maji mashambani, nyingine huzima moto, nyingine hutunza makaburi, na nyingine kazi yake ni kuua mbu.

Hizo ndizo wilaya za huduma maalum. Kila moja ina mipaka yake, wakuu wake na uwezo wa kutoza fedha. Mipaka hiyo haifuati mipaka ya kaunti, na shamba moja laweza kuwamo katika wilaya tatu au nne kwa wakati mmoja, mwenyewe akizilipia zote. Sheria zake zimetengenezwa upya mara nyingi, na karibu kila mara palikuwa na mtu aliyelipa bila kuwa na kura, au mtu aliyeachwa nje ya mpaka huku majirani zake wakipata huduma.

SHERIA YA MWAKA 1887

Bonde la San Joaquin lina ardhi nzuri, lakini mvua yake ni haba. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya California iliamua, katika kesi ya Lux na Haggin, kwamba wenye ardhi iliyopakana na mto wana haki juu ya maji ya mto huo. Wakulima wadogo ambao mashamba yao yalikuwa mbali wakabaki wakitazama maji yakiwapita. Ndipo wakili mmoja wa mji wa Modesto, C. C. Wright, aliyechaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria, alipoleta mswada uliokubaliwa mwaka 1887.

Kwa sheria hiyo wenye mashamba 50 waliweza kuomba wilaya iundwe, na wapiga kura wakikubali kwa theluthi mbili, basi wilaya ilizaliwa. Ilikuwa na ruhusa ya kukopa fedha kwa kuuza hati za deni, kuchimba mifereji, na kutoza kodi kila kipande cha ardhi kilichomo ndani ya mipaka, mwenyewe akitaka maji au asitake. Wilaya ya kwanza ilikuwa ya Turlock, iliyoundwa mwezi Juni mwaka ule ule. Ingali hai hata leo, na tangu mwaka 1923 inauza pia umeme.

Yafaa ieleweke kwamba kura ilikuwa ya kila mpiga kura aliyekaa ndani ya wilaya, hata kama hakuwa na ardhi. Wenye mashamba makubwa hawakupendezwa. Walisema kwamba wenye maduka na vibarua wa mjini watapiga kura, na mzigo wa kodi utaangukia mashamba yao wao. Huko Fallbrook, shamba la mtu aliyeitwa Bradley lilipigwa mnada kwa sababu ya kodi isiyolipwa, na kesi hiyo ikafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1896 mahakama ilikubali kwamba sheria ni halali: kupeleka maji katika nchi kavu ni faida ya watu wote, si ya mkulima mmoja mmoja.

Wilaya ilishinda kesi, lakini ushindi huo haukuongeza maji. Wilaya nyingi zilikuwa zimekopa kabla hazijajua kama mto una maji ya kutosha, na nyingi zikafa na madeni yao. Mwaka 1897 sheria ikakazwa, hata kuunda wilaya mpya kukawa kazi ngumu.

KURA KWA THAMANI YA ARDHI

Sheria nyingine, ya mwaka 1921, ilihusu wilaya za kuhifadhi maji, nayo ilifuata njia iliyo kinyume kabisa. Katika wilaya hizo mwenye ardhi peke yake ndiye aliyepiga kura, tena si kura moja kwa mtu, bali kura moja kwa kila dola 100 za thamani ya ardhi yake.

Matokeo yake yalionekana wazi katika wilaya ya bonde la Ziwa Tulare. Ziwa hilo lilikuwa kubwa zamani, likakaushwa, na mahali pake pakawa mashamba. Wilaya ilikuwa na eka zipatazo 193,000. Makampuni manne yalilima karibu asilimia 85 ya eka hizo, na moja kati yake lilikuwa na kura 37,825, ambazo zilitosha kuchagua wengi katika wakuu 11 wa wilaya. Wenye mashamba madogo, ya eka 80 au chini yake, walikuwa 189, na ardhi yao yote pamoja haikufika asilimia 3. Watu waliokaa humo bila ardhi hawakuwa na kura hata moja.

Mwaka 1969 mito ilifurika. Palikuwa na bonde jingine, Buena Vista, ambamo maji ya mafuriko yangaliweza kuelekezwa, lakini kampuni lile kubwa lilikuwa limekodi ardhi huko na kuilima. Shauri la kuyaelekeza maji huko lilipoletwa mbele ya wakuu wa wilaya, wengi wao waliliahirisha, na maji yakaja juu ya watu wa Tulare. Wenye mashamba na wakazi wakaenda mahakamani.

Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu, majaji sita wakikubali sheria na watatu wakiikataa. Wale sita walisema kwamba wilaya hii haina shule, polisi wala barabara. Kazi yake ni maji ya mashamba tu, na gharama zake hubebwa na ardhi. Kwa hiyo si kosa kuwapa wenye ardhi peke yao kura. Jaji Douglas, aliyekuwa katika wale watatu, ndiye aliyeandika habari za mafuriko katika maelezo yake. Hoja yake ni vigumu kuikanusha: maji yanapoingia ndani ya nyumba, hayaulizi kwanza kama aliyelala humo ni mwenye ardhi au ni mpangaji. Hata hivyo hukumu ni ya wengi, na kanuni ya kura kwa thamani ikabaki.

TUME ZA MIPAKA

Miaka kumi kabla ya hukumu hiyo serikali ya jimbo ilikuwa imeona hatari nyingine. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 watu walikuwa wamemiminika California, na wilaya ziliota kama uyoga, mipaka ikipandana. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya kuweka tume ya mipaka katika kaunti. Tangu hapo wilaya haiundwi, haipanuliwi wala haivunjwi mpaka tume isikilize shauri. Wajumbe wa tume hutoka katika kaunti, katika miji na miongoni mwa raia, na baadaye wilaya zenyewe zilipewa nafasi.

Mwaka 1978 raia walipiga kura kwamba kodi ya nyumba na ardhi isizidi asilimia moja ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Wilaya zilizotegemea kodi hiyo zikageukia ada. Mwaka 1996 raia wakazibana ada nazo: kabla ya kupandisha ada ya maji wilaya lazima imwandikie kila mwenye mali siku 45 mbele, na zaidi ya nusu wakipinga kwa maandishi, ada haipandi. Anayenyamaza huhesabiwa kama hakupinga, jambo ambalo wengi hulijua bili ikisha fika.

Tume zilipewa nguvu zaidi kwa sheria iliyokubaliwa mwaka 2000. Ziliagizwa zichunguze huduma za kila wilaya na kuitazama tena mipaka yake iliyokusudiwa, kwa kawaida kila miaka mitano. Mwaka 2017 ikaongezwa sheria ya kuzivunja wilaya zilizokufa, yaani zile zisizo na kazi, fedha, mali wala deni, ambazo jina lake tu ndilo lililobaki katika vitabu vya serikali.

Lakini wale walioachwa nje ya mpaka walikuwa bado. Kando ya mji wa Tulare kuna makazi yaitwayo Matheny Tract. Maji ya visima vyake yalikuwa na sumu ya aseniki kupita kiasi kilichoruhusiwa, na mabomba ya mji, yenye maji safi, yalikuwa karibu. Wakazi walingoja miaka, mji ukisema kwamba maji yake hayatoshi wote. Sheria ya mwaka 2015 iliipa bodi ya maji ya jimbo uwezo wa kuamuru mtandao mmoja wa maji uunganishwe na mwingine, wenyewe wakipenda au wasipende. Amri ya kwanza ya namna hiyo ilihusu Matheny Tract, na mwaka 2016 maji ya mji yakaanza kutoka katika mifereji ya nyumba zake.